Mfumo wa kufuatilia usajili unatoa namba tofauti na ankara za wingu. Tuanzie wapi?

mtunza_leseni

Wakuu, habari za kazi. Naomba macho ya waliozoea kulinganisha hesabu za wingu.

Tuna mfumo mmoja unaokusanya usajili wote wa programu: leseni za Microsoft 365, akaunti za AWS na mradi mmoja wa Google Cloud. Unavuta data kwa API (njia ya programu kuombana data) kila usiku na kuitunza kwenye hifadhidata yake. Oktoba imeshafungwa na ankara zimetoka, lakini namba hazikutani:

1. AWS: ankara inasema dola 18,640.60, mfumo unasema 17,208.65. Pengo ni 1,431.95, karibu asilimia 7.7. Isitoshe, grafu ya "matumizi" inapanda na kushuka bila uhusiano wowote na gharama.
2. Google Cloud: ripoti ya watu wa miundombinu inaonyesha hifadhi ya 48.8, mfumo unaonyesha 53.7, na zote mbili zimeandikwa "TB". Gharama nayo iko chini ya ankara, na ukiitazama siku kwa siku hakuna siku hata moja inayolingana.
3. Microsoft 365: leseni zilizogawiwa ni 412. Mfumo unadai watumiaji 137 hawajaingia kwa siku 30 na unashauri leseni zao zirudishwe. Baadhi ya hao wanatuma barua pepe kila siku.

Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba ile asilimia 7 na ushee ya AWS ni suala la GB dhidi ya GiB (kipimo kinachogawa kwa 1000 dhidi ya kinachogawa kwa 1024). Kabla ya kumfungulia tiketi mtengenezaji wa mfumo, nataka mpangilio wa ukaguzi: kipi kitazamwe kwanza, na kwa amri gani.

---

nanga_ya_data

Nitashika AWS, mengine nawaachia wengine.

Acha asilimia kwanza. Pengo mnalijua hadi senti, kwa hiyo likatekate vipande hadi libaki sifuri. Hoja ya GiB inavutia kwa sababu namba zimekaribiana tu (GiB moja inaizidi GB kwa asilimia 7.37), lakini AWS inaleta gharama ikiwa imeshakokotolewa. Kipimo cha hifadhi hakiwezi kugusa dola, labda mfumo wenu uwe unachukua kiasi na kukizidisha kwa bei wenyewe. Kama unafanya hivyo, ondoeni hilo kabla ya jambo lingine lolote, maana bei za ngazi, punguzo na saa za bure hamtazipatia hata mkikesha.

Endesha hii kutoka akaunti mama, ile inayolipa:

```
aws ce get-cost-and-usage \
  --time-period Start=2025-10-01,End=2025-11-01 \
  --granularity MONTHLY \
  --metrics UnblendedCost \
  --group-by Type=DIMENSION,Key=RECORD_TYPE
```

Angalia tarehe ya End. Start inahesabiwa ndani, End haihesabiwi. Mfumo ukiomba Start=2025-10-01 na End=2025-10-31, siku ya 31 inabaki nje na API haitoi kosa lolote, kwa sababu ombi ni halali. Hili ndilo ninalolishuku kwanza, na kulithibitisha ni rahisi: badilisha MONTHLY iwe DAILY, kisha ulinganishe siku kwa siku na kilichomo kwenye hifadhidata yenu. Siku 30 zikilingana na moja ya mwisho haipo, kipande cha kwanza umekipata.

Jibu litakuja na makundi kama Usage, Tax, Credit na Refund. Mifumo mingi ya kufuatilia usajili huchuja Usage peke yake, halafu watu wanalinganisha na ankara yenye kodi. Andika jumla ya kila kundi pembeni.

Rudia amri hiyohiyo ukiweka Key=BILLING_ENTITY. Programu zilizonunuliwa kupitia AWS Marketplace zinaonekana kwenye Cost Explorer (huduma ya AWS ambayo amri hiyo inaisoma) pamoja na mengine, lakini ankara yake hutoka peke yake. Kwa hiyo kipande hiki kinavuta upande wa pili: mfumo unakuwa na kitu ambacho ankara uliyoshika haina. Ndiyo maana nasema likatekate. Pengo la 1,431.95 linaweza kuwa makosa makubwa mawili yaliyopunguzwa na la tatu.

Mengine ya kutupia jicho kwenye jibu hilohilo. Kila kipindi kina alama ya Estimated. Ikiwa true, namba bado ni ya makadirio, na mfumo wenu hauna haki ya kuiita ya mwisho. Kukiwa na NextPageToken (alama kwamba kuna ukurasa mwingine wa majibu) na mfumo hauifuati, makundi yatakatika njiani. Na kama ruhusa ya mfumo imewekwa kwenye akaunti mwanachama badala ya akaunti mama, utaona gharama za akaunti hiyo moja tu.

Kila ombi la API hii linatozwa dola 0.01, hivyo mtu asiliweke kwenye kitanzi cha kila dakika halafu aulize mbona gharama za ufuatiliaji zinapanda.

Sasa ile grafu ya "matumizi". Nina hakika inachora UsageQuantity bila kichujio. Ukiomba kipimo hicho kwa jumla, AWS inajumlisha kila kitu bila kujali vipimo: saa za mashine, GB zilizosafirishwa, idadi ya maombi, vyote chungu kimoja. Maombi milioni 3 ya hifadhi yanafunika saa 744 za mashine. Namba hiyo haina maana hadi uigawe kwa USAGE_TYPE, na hata hapo linganisha vya kipimo kimoja tu.

Tahadhari ya mwisho kwa AWS: kama mna Savings Plans au Reserved Instances (mikataba ya kuahidi matumizi ili upate bei nafuu) zenye malipo ya awali, amueni mapema mnatazama gharama ipi. Mkataba wa mwaka uliolipwa dola 12,000 mwezi Januari utaonekana kwenye UnblendedCost kama 12,000 za Januari na sifuri miezi 11 inayofuata. Kwenye AmortizedCost unasambazwa, takriban 1,000 kila mwezi. Ankara inafuata ya kwanza. Meneja anayegawa gharama kwa idara anataka ya pili. Zote ni sahihi, ila kulinganisha moja na nyingine ni kutafuta pengo ambalo halina tiba.

---

kokotoa

Google Cloud kuna mambo matatu yaliyorundikana, na la hifadhi ndilo jepesi.

48.8 TiB × 1.0995 = 53.7 TB. Basi. TiB ni baiti 2 kwa kipeo cha 40, TB ni 10 kwa kipeo cha 12. Upande mmoja umegawa kwa 1024, mwingine kwa 1000, na wote wakaandika "TB". Kwenye data ya Google inayokwenda BigQuery (hifadhidata yao ya kuchambulia data), safuwima ya usage.unit ya hifadhi huja kwa byte-seconds, na usage.pricing_unit kwa gibibyte month. Tumieni usage.amount_in_pricing_units na mwandike GiB kwenye dashibodi, mgogoro uishe. Msijaribu kugeuza wenyewe kwa kugawa mwezi kwa saa 730: Oktoba ina saa 744, Februari ya siku 28 ina 672, na mtajitengenezea kosa linalobadilika kila mwezi, asilimia 1.9 huku na karibu 8 kule.

Siku kutolingana: ripoti za gharama za Google hukata siku kwa saa za Pasifiki za Marekani, zikifuata mabadiliko ya majira yao. Nyakati zilizomo kwenye data yenyewe ni UTC, saa ya kimataifa. Mfumo ukitumia DATE(usage_start_time) bila kutaja eneo, siku inaanza saa 7 au 8 kabla ya ile ya konsoli. Dalili yake ni hiyo uliyoieleza: kila siku imekosea kidogo, na ziada ya leo inafidiwa na upungufu wa kesho. Andika hivi:

```
DATE(usage_start_time, "America/Los_Angeles")
```

Usiandike UTC-8 kwa mkono. Sehemu kubwa ya mwaka saa za Pasifiki huwa UTC-7.

Hata hivyo ukitaka kulinganisha na ankara usikate kwa tarehe kabisa. Tumia invoice.month, ambayo huja kama 202510. Matumizi ya saa za mwisho za Oktoba yakichelewa kuripotiwa yanaweza kuangukia ankara ya Novemba, na hakuna hesabu ya tarehe itakayokuonyesha hilo.

Kuhusu gharama kuwa chini ya ankara, ungetuwekea SQL (maagizo ya kuuliza hifadhidata) ambayo mfumo unatumia ningesema kwa uhakika. Bila kuiona, nashuku safuwima ya credits. Kila mstari unaweza kuwa na punguzo sifuri, moja au kadhaa ndani yake. Ukiandika CROSS JOIN UNNEST(credits), mistari isiyo na punguzo inatoweka yote, na yenye mapunguzo mawili inajirudia, gharama yake ikihesabiwa mara mbili. LEFT JOIN inaokoa iliyotoweka lakini inaacha zile zinazojirudia, kwa hiyo nayo si dawa. Jumlisha punguzo ndani ya mstari wake:

```
SELECT invoice.month,
       SUM(cost) + SUM(IFNULL(
         (SELECT SUM(c.amount) FROM UNNEST(credits) c), 0)) AS jumla
FROM `mradi.bili.jedwali`
GROUP BY 1
```

Punguzo limeandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo hapo ni kujumlisha. Kagua pia kama kuna kichujio cha cost_type = 'regular'. Kikiwepo, kodi, marekebisho na mistari ya makosa ya kukadiria desimali vimeachwa nje, na ankara inavihesabu vyote.

---

leseni_safi

Hapo kwenye Microsoft 365 simamisha kwanza mapendekezo ya kurudisha leseni, mkuu. Gharama ikikosewa hurekebishwa mwezi ujao, lakini sanduku la barua la mtu anayefanya kazi likiondolewa leseni simu zinaanza palepale.

Swali la kumuuliza mtengenezaji: "kuingia" kwenye mfumo wenu ni uwanja gani? Nina wasiwasi ni signInActivity/lastSignInDateTime. Huo unarekodi kuingia kwa mtu mwenyewe, yaani anapoandika nenosiri au kuthibitisha kwa simu. Tena unahesabu hata majaribio yaliyoshindikana. Mtu mwenye Outlook kwenye simu anaweza kukaa wiki nyingi bila kuulizwa nenosiri, kwa sababu programu inajihuisha kwa tokeni, kibali kilichohifadhiwa tangu alipoingia. Kuingia kwa namna hiyo kunaandikwa mahali pengine, lastNonInteractiveSignInDateTime. Chukua tarehe iliyo mpya zaidi kati ya hizo mbili, na hata hapo uione kama dalili tu, usiihukumie leseni.

Ushahidi mzuri zaidi ni ripoti ya matumizi yenyewe, getOffice365ActiveUserDetail, inayotoa tarehe ya mwisho ya shughuli kwa kila huduma: Exchange, OneDrive, SharePoint, Teams. Vipindi vinavyokubalika ni D7, D30, D90 na D180. Mtego wake: tangu Septemba 2021 ripoti hizo huficha majina kwa chaguomsingi. Ukikuta userPrincipalName ni mfuatano mrefu wa herufi na namba usiosomeka, mfumo hauwezi kumuunganisha na mtu yeyote, na wengi huishia kumhesabu kuwa hana shughuli. Msimamizi mkuu anafungua kituo cha usimamizi, mipangilio ya shirika, huduma, Reports, kisha anaondoa alama ya kuficha majina. Zungumzeni kwanza na wahusika wa faragha, kwa sababu mpangilio huo unagusa kila anayeweza kusoma ripoti.

Data ya ripoti hizi kwa kawaida huchelewa hadi saa 48. Usilinganishe jana na jana.

Halafu pitia hao 137 kwa aina, siyo kwa jina. Masanduku ya pamoja ya barua hayaingiwi na mtu moja kwa moja, watu huyafungua kupitia akaunti zao, kwa hiyo daima yataonekana yamelala. Habari njema ni kwamba sanduku la pamoja lisilozidi GB 50 halihitaji leseni, isipokuwa limewekewa hifadhi ya kumbukumbu au zuio la kisheria. Akaunti za huduma ni kundi lingine. La tatu ni waliobadilisha jina: mfumo umeshika anwani ya zamani, saraka ina mpya. Unganisha kwa id ya mtumiaji kwenye saraka, kamwe usiunganishe kwa barua pepe.

Ukiona idadi ya watumiaji imesimama kwenye 100 au 999 kamili, hiyo ni kurasa. Orodha ya /users hurudisha 100 kwa chaguomsingi na haizidi 999 kwa ukurasa. Mfumo usiofuata @odata.nextLink unaishia hapo. Kwa kuwa ninyi mnaona 412, hilo mmeshapona.

---

mtunza_leseni

Asanteni sana. Nimepita na orodha zenu, haya ndiyo yaliyotoka.

AWS, jibu la RECORD_TYPE na BILLING_ENTITY:

- siku ya 31 Oktoba haikuwepo kabisa kwenye hifadhidata: 388.15
- kodi, iliyochujwa na mfumo: 1,694.60
- Marketplace, imo kwenye mfumo, haimo kwenye ankara hii: 650.80

388.15 + 1,694.60 − 650.80 = 1,431.95. Limekwisha hadi senti.

Google: ni CROSS JOIN kama ulivyosema, kokotoa. Na cost_type imechujwa pia. Baada ya kuandika upya kwa invoice.month jumla imeingia kwenye ankara.

Microsoft 365: majina hayakufichwa, ila mfumo ulisoma lastSignInDateTime pekee. Kati ya 137, watu 88 wana shughuli ndani ya siku 30, masanduku ya pamoja ni 21, na waliolala kweli ni 28.

Swali lililobaki: nikirekebisha haya, je, miezi iliyopita nayo nivute upya? Na nifanyeje ili namba za mwezi unaoendelea zisiwe zinabadilika kila nikifungua dashibodi? Mkuu wa fedha analalamika kwamba "jana ilikuwa nyingine".

---

nanga_ya_data

Vuta upya, ndiyo. Kosa la End limekula siku ya mwisho ya kila mwezi tangu mfumo uwashwe. Usiongeze siku hizo kwa mkono. Futa mwezi mzima, uupakie mzima, ulinganishe na ankara yake, ndipo uende mwezi mwingine. Ukiongeza juu ya kilichopo utaishia na siku zilizoingia mara mbili.

Hapohapo kuna mtego kwa anayesoma faili za Cost and Usage Report badala ya API. Ripoti hiyo huandikwa upya angalau mara moja kwa siku, na ina chaguo mbili: kuandika juu ya toleo lililopo, au kuunda toleo jipya kila mara. Kwa chaguo la pili kila toleo lina mwezi wote hadi siku hiyo. Anayesoma folda nzima bila kuangalia faili ya manifesti (inayotaja faili za toleo la sasa) anajumlisha matoleo yote, na gharama inakuwa mara kumi au ishirini ya halisi. Afadhali kosa hilo, maana linaonekana mara moja.

Kuhusu mkuu wa fedha: namba ya mwezi unaoendelea itabadilika tu, na ndivyo inavyotakiwa. Cost Explorer hujihuisha angalau mara moja kila saa 24, na mistari ya nyuma inaweza kurekebishwa hadi ankara ifungwe. Muonyesheni namba mbili zenye rangi tofauti: "imefungwa" kwa miezi ambayo Estimated ni false na ankara imelinganishwa, "makadirio" kwa mwezi unaoendelea, siku mbili za mwisho zikiwa zimefichwa kabisa. Malalamiko yatapungua kuliko mkijaribu kuigandisha.

---

kokotoa

Kwa Google utaratibu ni kinyume kidogo. Marekebisho huja kama mistari mipya iliyoongezwa, kwa hiyo mfumo unaovuta "usage_start_time ya jana" kila usiku hauoni matumizi yaliyochelewa. Ubadilishe uvute kwa export_time: kila kilichoandikwa tangu mara ya mwisho, bila kujali kilitumika lini.

Na kama mtengenezaji yuko tayari kugusa muundo wa hifadhidata, mwambie aangalie FOCUS, muundo wa pamoja wa data za gharama za wingu kutoka FinOps Foundation. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2024, na AWS na Azure zinaweza kutoa faili za muundo huo. Unatenganisha BilledCost, ya kulinganisha na ankara, na EffectiveCost, ya kugawia idara, kwa hiyo ule mjadala wa 12,000 za Januari haujitokezi. Kodi, punguzo na manunuzi vina alama yake kwenye ChargeCategory, mtu hawezi kuvichuja bila kujua. ChargePeriodEnd nayo haihesabiwi ndani, sawa na End ya AWS, hivyo ile siku ya 31 mtailinda wenyewe kwa jaribio dogo: hesabu siku tofauti zilizomo kwenye kila mwezi uliofungwa, na zikipungua hata moja mfumo ukatae kuuita umefungwa.

Kwa hao 28 waliolala kwenye Microsoft 365, angalia D90 kabla ya kuwagusa. Likizo ya uzazi inazidi siku 30.